Kabla Friji Halijanguruma

Mama mkwe wangu anapumua kwa umeme. Najua si maneno ya kumsemea mzazi, ila sijapata mengine yanayofaa zaidi. Mapafu yake yaliliwa na vumbi la pamba, miaka ile aliyofanya kazi kiwandani, na sasa hospitali imempa mashine ya oksijeni: sanduku jeupe lenye magurudumu, ambalo binti yetu Chiriku alipimana nalo kimo siku lilipoletwa, akalishinda kwa nywele tu. Mashine inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampelekea mama kwa mrija wa puani. Inahema, inatulia, inahema tena. Nikiisikia nikiwa jikoni, mikono yangu inaendelea na kazi. Nisipoisikia, chochote nilichoshika huanguka.

Tatizo ni kwamba umeme wenyewe si wetu peke yetu. Nyumba tunayopanga ina familia tatu, na sote tunanyonya ziwa moja: swichi kuu moja, ndogo, iliyo ukutani kwenye baraza ya Mzee Barafu. Huyu ni mpangaji wa mbele, anauza maji baridi na barafu, na friji lake ni la zamani sana. Likianza kunguruma, kuta zote zinaitikia. Mlango wa pili anakaa dada fundi cherehani, ambaye pasi yake haipoi tangu asubuhi. Mzigo ukizidi kidogo tu, swichi inaruka, tak! Kwa wenzetu huo ni usumbufu wa kwenda kuirudisha. Kwetu ni pumzi ya mama.

Liliwahi kutokea. Dada fundi alinunua pasi ya pili, kubwa, akaichomeka bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nilipoingia ndani, mashine ilikuwa inalia mlio wake wa hatari, midomo ya mama imekuwa rangi ya majivu, naye badala ya kuniita alikuwa anajikaza amtabasamie Chiriku ili mtoto asiogope. Tuna mtungi mdogo wa hewa wa akiba, lakini kuufunga kunataka muda, na kabla sijamaliza Mzee Barafu alikuwa ameirudisha swichi.

Tangu hapo tukawekeana sheria. Kifaa chochote kipya hakilali kwenye nyumba hii kabla hakijaonjeshwa umeme. Yaani kila mtu anawasha kila alicho nacho, pasi iwe ya moto, friji lingurume, mashine ya mama ifanye kazi, halafu mgeni anachomekwa. Swichi ikisimama, karibu. Ikiruka, rudi ulikotoka. Mzee Barafu hukaa chini ya swichi kama mshenga, anapaza sauti: "Haya, mtoeni bibi harusi tumwone!" Sheria hiyo imeshapitisha feni moja na televisheni yetu, na imeshafukuza jiko la umeme alilolinunua Mzee Barafu mwenyewe. Alinuna, lakini alilirudisha.

Sasa kwenye sheria hiyo ndipo nilipotaka kupitisha kompyuta.

Nilikuwa namaliza darasa la jioni la kompyuta; nikitoka, dada fundi hukaa na mama. Mwalimu wetu hupata kazi za kuchapa kutoka ofisi mbalimbali, na alisema wazi kwamba mwanafunzi mwenye kompyuta nyumbani atamgawia. Mimi siwezi kwenda kuajiriwa. Mama haachwi peke yake. Lakini kuchapa nikiwa chumbani, mgongo wangu ukiegemea mlango wake na masikio yangu yakihesabu pumzi zake, hilo niliona Mungu amelikata kwa kipimo changu. Chiriku naye angejifunzia humo kusoma. Mama alikuwa anapenda habari hiyo kuliko mimi. "Mkwe wangu," alisema, akivuta hewa katikati ya maneno kama kawaida yake, "mimi vidole vyangu... vilifunga nyuzi. Vyako... vifunge maneno."

Tulienda dukani na mume wangu, duka la vifaa vilivyokwisha tumika. Muuzaji alikuwa mcheshi, shati limemzidi, mdomo haupumziki. Alituonyesha kwanza kompyuta ya kukunja, nzuri kwa macho, lakini betri yake ilikuwa imekufa na ukigusa waya inazimika. Kisha akatoa kitu kutoka kwenye droo, akakiweka kwenye kiganja.

Mume wangu alikitazama. "Hii kompyuta au sabuni?"

"Sabuni, shemeji, lakini haiishi. Unaichomeka kwenye televisheni uliyo nayo, unaweka kibodi, kazi inaanza. Na umeme inakula kama kuku mgonjwa anavyokula mtama."

"Ina kasi?" niliuliza.

"Sitakudanganya, dada. Mbio haina. Ukiifungulia mambo mengi kwa pamoja itakutumbulia macho tu. Ila kuandika, kusoma, mtoto kujifunza herufi, haikuangushi."

Nilisoma kibandiko chake cha wati, kama tulivyofundishwa darasani. Haikufika hata balbu ya zamani. Nilihisi kitu kinalegea kifuani. Lakini mume wangu alikuwa ameshageukia mlango, na nilimjua: alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe alilileta kesho yake kwenye mkokoteni. Yeye ni mtunza stoo, na ofisi yao ilikuwa inatupa vifaa vya zamani ili walete vipya. Aliingia na sanduku la kompyuta refu kama ngazi ya kitoto, skrini nene ya kukumbatia kwa mikono miwili, na kicheko.

"Mwenda bure si mkaa bure, Mama Chiriku! Hii wamenipa bure. Bure kabisa! Na ile sabuni wanaitakia pesa."

"Inakula umeme kiasi gani?"

"Wewe nawe! Mtu akiletewa ng'ombe anauliza majani?"

"Akiwa na uwanja mdogo, anauliza."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa na mwiba. Nilizunguka nyuma ya lile sanduku na kusoma kibandiko chake. Lenyewe na skrini yake vilikaribia kula sawa na mashine ya mama. Nilimwambia. Akasema kibandiko huandika kiwango cha juu tu, kwamba ofisini zilikuwa zinawaka nyingi pamoja na hakuna kilichokatika.

"Ofisini hakuna anayepumua kwa umeme, Baba Chiriku."

Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Unadhani mimi sijui yule ni mama yangu? Nataka na wewe upate kitu kikubwa. Isiwe kila siku mimi nakuletea vidogo tu." Neno hilo lilinichoma, maana nilijua linatoka kwenye mshahara wake mdogo wa stoo. Tukakubaliana: tuionjeshe. Swichi iamue.

Jumamosi asubuhi kila mtu alikuwepo. Mtungi wa akiba niliuweka tayari karibu na kitanda, mrija wake nimeshaufungua. Mama alikuwa amekaa wima na mito, kitambaa kizuri kichwani, kama anayesubiri wageni wa heshima. Mume wangu alikwisha panga kompyuta yake kwenye meza ya kulia. Chiriku aliipangusa kwa gauni lake, hakuna aliyemkataza.

"Bibi harusi mnene huyu!" Mzee Barafu alipaza sauti barazani. "Haya, mtoeni!"

"Mmewasha vyote?" niliuliza.

"Vyote," akajibu dada fundi. Alikuwa amesimama mlangoni kwetu, mikono kifuani.

Mume wangu akabonyeza kitufe. Feni ya lile sanduku ilivuma kama gari linalopanda mlima. Balbu ilikonyeza mara moja. Niliinua mkono kuelekea mtungi. Balbu ikatulia. Skrini ikawaka, buluu, kubwa, nzuri, sitasema uongo. Swichi ilisimama.

"Imesimama!" Mzee Barafu akapiga makofi. Mume wangu alimnyanyua Chiriku juu hewani. Mama alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake lilikuja haraka mno, kama la mtu aliyejua jibu kabla ya swali.

Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua sikioni na sikukijua ni nini. Feni ilivuma, mashine ya mama ilihema, watu walicheka. Nilisikiliza nyuma ya sauti zote hizo. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema, na ukuta wetu wa upande wa barazani ulikuwa kimya. Na dada fundi, Jumamosi asubuhi, siku wateja wanapochukua nguo zao, alikuwa amesimama kwangu mikono kifuani, wala hanuki mvuke.

Nilitoka bila kusema neno. Nikaingia chumbani kwake, nikaweka kiganja juu ya pasi. Ilikuwa baridi. Waya wake ulikuwa umezungushwa vizuri na kufungwa fundo. Nikaenda barazani, nikaweka kiganja ubavuni mwa friji. Halikutetemeka. Mzee Barafu alitazama ndala zake.

"Mzee wangu," nilisema, "hivi ndivyo mlivyowasha vyote?"

"Mama Chiriku..."

"Barafu yako inayeyuka humo ndani!"

"Inayeyuka," alikiri. "Barafu hutengenezwa nyingine."

Dada fundi alikuwa amenifuata. "Usikasirike, mwenzangu. Tulitaka upite. Umesoma kwa shida, tunakuona unavyotoka na kurudi na madaftari yako. Tukasema, kwa nini swichi ikukatize tamaa?"

"Na kesho utakapowasha pasi yako?"

Aligeuza uso kwenye mlango wake.

"Nani alitunga hili? Ni Baba Chiriku?"

"Hapana! Haki ya Mungu, yeye hajui kitu." Akamtazama Mzee Barafu, naye akalitazama dirisha letu. Dirisha la mama.

Miguu yangu ilirudi ndani yenyewe. Mama alikuwa bado anatabasamu, lakini midomo tu; macho yake yalikuwa yananipima.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi." Akavuta hewa. "Niliwaita jana... ulipokwenda darasani. Nikawaomba."

"Mama! Na wakiwasha vyao? Na ikiruka mimi niko uani?"

"Watakuwa wanangoja. Ukianza kuchapa... dada atazima pasi. Mzee atazima friji. Tulipatana."

"Mpaka lini? Maisha yao yote?"

"Yao, sijui." Mashine ikamhemea. "Yangu... si marefu, mwanangu. Kwa nini pumzi zangu... zikufungie mlango?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na Chiriku begani. Alikuwa amesikia yote. Alimshusha mtoto taratibu, kama anayeshusha kikapu cha mayai.

Nililia, sitaficha, lakini nililia nikifanya kazi. Nilichukua ule mtungi wa akiba, nikaufunga, nikautoa mrija wa mashine puani kwa mama na kuweka wa mtungi. Alitaka kubisha, nikamwambia, "Mama, leo nisikilize mimi." Mashine nikaiacha inafanya kazi, inahemea godoro. Nikatoka mlangoni.

"Dada fundi, washa pasi yako, niione inatoa mvuke. Mzee Barafu, washa friji. Baba Chiriku, wewe nenda ukasimame chini ya swichi."

Hakuna aliyefanya mzaha wa bibi harusi. Pasi ikapata moto. Friji likajikohoza, likanguruma, ukuta ukaitikia. Nikaiwasha ile kompyuta kubwa mimi mwenyewe. Feni yake ilianza kupanda mlima wake.

Tak!

Nyumba nzima ilizima. Kisha, kutoka chumbani kwa mama, mashine ikaanza kulia ule mlio. Nilijua kabisa kwamba mama ana mtungi, nilikuwa nimemfunga kwa mikono yangu hii, na bado nikageuka kukimbilia chumbani. Chiriku aliziba masikio. Mume wangu hakuirudisha swichi. Alikimbia ndani, akapita mbele yangu kama hanioni, na nilipofika mlangoni nilimkuta amepiga magoti kitandani kwa mama yake, ameshika mkono wake, anamsikiliza kifua.

"Niko mzima," mama alimwambia. "Ondoa kichwa... kizito hicho."

Ni Mzee Barafu aliyerudisha umeme. Mume wangu alikaa sakafuni kwa muda. Baadaye aliinuka, akachomoa waya wa lile sanduku, akauzungushia mkononi mpaka ukaisha. Aliniuliza swali moja tu: "Ile sabuni, itakuwa bado ipo?"

Ilikuwepo. Muuzaji alikubali tuichukue kuijaribu, akabaki na kitambulisho cha mume wangu na utani wake. "Shemeji umerudi kuoga?" alisema. Mume wangu alicheka kidogo, kwa adabu.

Tuliionjesha jioni ile ile, jua bado liko juu ya mabati. Nilikwisha waambia wenzangu kwamba safari hii nitapita mwenyewe kila chumba na kuweka kiganja. Nikapita. Pasi ilikaribia kuniunguza, na dada fundi akasema, "Umeridhika, polisi?" Friji lilikuwa linanguruma. Nilirudi ndani kumfunga mama mtungi, akanikamata mkono.

"Hapana."

"Mama, ni kwa usalama."

"Mtungi ukiisha... kwa majaribio, siku ya shida tutakimbilia wapi?" Hilo lilikuwa kweli, asubuhi tulikuwa tumeutumia sana. "Na tena," akasema, "mimi ndiye mzigo. Wanipime na mimi... nikiwemo."

Nilimtazama mume wangu. Akaenda kusimama chini ya swichi bila kuambiwa, mkono ameshauinua. Mtungi niliuweka mapajani pa dada fundi, ambaye nilimkalisha kando ya kitanda na kumwonyesha tena, mara mbili, jinsi ya kuufunga. Hakutania tena.

Nikachomeka. Hakukuwa na feni, wala mvumo wowote. Taa ndogo ya kijani ikawaka ubavuni mwa ile sabuni, basi. Balbu haikukonyeza. Televisheni ikabaki nyeusi, ikabaki nyeusi, mpaka nikaanza kudhani imekufa, na Chiriku akasema, "Mama, imelala?" Kisha picha ikaja, kidogo kidogo, kama mtu anayeamka bila haraka, nami nikafungua ukurasa wa kuandikia.

"Imesimama?" niliita.

"Imesimama," mume wangu akajibu kutoka nje.

"Bado," alisema Mzee Barafu. "Ngojeni." Maana friji lilikuwa limefikia ubaridi wake na kunyamaza, na sote tulijua kwamba linapoanza upya ndipo linapovuta umeme kwa pupa. Huo ndio mtihani. Tukangoja. Sijapata kuusubiri mngurumo wa kitu kama nilivyousubiri ule. Dada fundi alikumbatia mtungi. Mashine ilihema, ikatulia, ikahema. Mama alikuwa amefumba macho, na kifua chake kilipanda na kushuka, na mimi nilikaa mbele ya kibodi, mgongo umeegemea mwimo wa mlango wake ulio wazi, karibu kama nilivyokuwa nimeota, nikimsikiliza kwa mwili mzima.

Friji likajikohoza. Likanguruma. Ukuta ukaitikia.

Balbu ilibaki palepale.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulisubiri linyamaze, lianze tena, na lilipoanza tena na mashine ya mama ikapitiliza bila kukosa hata pumzi moja, ndipo nilipomsikia mume wangu huko nje anatoa hewa kama aliyekuwa ndani ya maji.

"Mama!" Chiriku alikuwa anaashiria televisheni. "Umeandika nini?"

Nilitazama. Kidole changu kilikuwa kimelala juu ya kitufe muda wote ule, nami sina habari. Skrini nzima ilikuwa imejaa herufi moja, mstari juu ya mstari. Chiriku anajua herufi hiyo. Ndiyo ya kwanza aliyofundishwa. Akavuta pumzi, akaisoma kwa sauti, yote, bila kuruka.

"Aaaaaaaaaaaaaa..."

Mama alifumbua macho. Akaanza kucheka, na kucheka humgharimu. Alishika ubavu, akavuta hewa, akacheka tena. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka kumkimbilia. Akanionyesha kwa kidole nikae.

"Kaa," alisema. "Futa hiyo. Anza... kazi."

Nikakaa. Nikafuta. Ile sabuni ilichukua muda wake kufuta, mstari mmoja mmoja, nami sikuiharakisha. Nyuma yangu mashine ilihema, ikatulia.

Nilingoja mpaka ilipohema tena. Kisha nikaandika neno la kwanza.